Kisanduku cha Kumbukumbu na Maksai Aitwaye Katibu

Jumamosi, 2 Novemba 1996

Misa ya Marehemu. Nimewaombea wote, hata walionikosea. Hao nimewaombea kwa kifupi.

Baada ya misa, kilabuni. Pombe ya ulezi, safi. Mazungumzo yale yale ya kila mwaka majira haya: mvua ya kupandia itaanza lini. Wote wakamgeukia Ignasi. Ignasi ni jirani yangu hapa Izia, mwalimu mstaafu, na ana goti. Sisi wengine tuna magoti pia, lakini la kwake linatabiri. Akalinyoosha, akalikunja, akafumba macho kama askofu, akatangaza tarehe kumi na tisa. Watu wakaitikia kama litania.

Nikasema kompyuta yangu imeshatoa jibu. Tarehe kumi na sita. Kikaja kicheko cha kumwaga pombe.

Kompyuta hii aliniachia Padri Mholanzi, niliyempikia miaka kumi na saba, alipokwenda kwao kupumzika. Ni ubao mweusi wa vibonyezo, mdogo kuliko ungo wa mke wangu. Unachomekwa kwenye televisheni. Unalishwa programu kwa kaseti, na kaseti inapolia mbwa wa mtaa mzima wanajibu. Padri aliacha pia daftari la mvua, kila tone lililoanguka misheni kuanzia 1961 hadi 1993. Na programu aliyoitunga mwenyewe: unaiingizia mvua za miaka iliyopita, inakokotoa, inakupa siku. Elimu yangu ya darasa la nne inatosha kubonyeza.

Ignasi akauliza kwa upole wa kiualimu, ni miaka mingapi imo humo ndani. Hapo akanishika. Kumbukumbu yake inabeba miaka tisa tu, nami nimeingiza tisa ya mwisho. Ukiingiza wa kumi, inaandika kwa Kizungu kwamba imeshiba. Ignasi akasema goti lake lina miaka sitini na nne na halijashiba.

Tumewekeana ahadi mbele ya kilabu kizima. Atakayekosea zaidi atamwamkia mwenzake shikamoo hadi Pasaka. Ignasi ni mdogo kwangu kwa msimu mmoja. Nimwamkie yeye? Afadhali nife kwanza.

(Leo siku ya marehemu. Nimeifuta hiyo.)

Jumatatu, 4 Novemba

Mke wangu Redempta amekwenda Kipili, ziwani. Binti yetu Hellena amejifungua, mama anakwenda kuosha mtoto na kula samaki. Atarudi Ijumaa. Mume akibaki peke yake nyumbani ndipo akili inapofanya kazi.

Nimekwenda mjini dukani kwa Zubery. Tangu biashara iachiwe huru duka lile halina aibu: tochi, magodoro, viatu vya mguu mmoja mmoja, saa zinazosema. Lori lake linapakia maharage yetu kwenda Tunduma na kurudi na kila kilichotupwa duniani. Nikamweleza shida yangu. Akafikiri, akaingia stoo, akafukua gunia, akatoka na kisanduku cheusi cha ukubwa wa sabuni ya mche iliyokatwa nusu. Akasema hiki kinachomekwa nyuma ya kompyuta kama ile ya Padri, kinaongeza kumbukumbu mara nne.

Mara nne. Nikauliza bei.

Halafu akakataa kuniuzia. Akasema, mzee wangu, nakuheshimu kama baba, huko zilikotoka kompyuta hizo watu wameshazitupa. Siku hizi zimekuja mpya. Kuiongezea ile ni kumpa bibi kizee hereni akacheze ngoma. Nikasema bibi kizee mwenye hereni nimewahi kumwona, na alicheza. Akakataa tena. Akasema hajui hata kama kinafanya kazi. Nikasisitiza. Akakataa mara ya tatu, akanipa soda bure niondoke.

Mfanyabiashara anayekataa mara tatu kuuza. Nikajua ni mali.

Jumanne, 5 Novemba

Usingizi wa mchana umekataa. Nawaza.

Baiskeli yangu niliinunua mwaka wa Uhuru. Nimebadilisha magurudumu mara tano, usukani mara mbili, tandiko silikumbuki. Hata fremu ni ya marehemu shemeji. Imebadilishwa kila kitu isipokuwa mimi. Je, mtu aliwahi kuniambia niitupe? Bado ni baiskeli yangu, na inafika.

Lakini upande wa pili kuna meno. Mwaka juzi niliwekewa meno mawili ya bandia. Mazuri, meupe. Yale ya zamani yaliyobaki yakaona aibu, yakang'oka.

Padri alikuwa akisema miaka tisa inamtosha. Nilimuuliza mara moja kwa nini haingizi daftari lote. Akajibu kwamba mvua ya zamani imeshanyesha. Nilidhani ni Kiswahili chake kibovu.

Jumatano, 6 Novemba

Nimefanya.

Tuna maksai wawili, Diwani na Katibu. Niliwapa majina hayo kwa sababu mmoja anapiga kelele na mwingine anakula. Katibu ndiye niliyempeleka. Zubery aliponiona mlangoni na ng'ombe akashika kichwa. Akasema mzee, na jembe litavutwa na nani? Nikamwambia msimu ukikaribia nitajua siku kamili ya mvua, na mwenye kujua siku anapata nafasi ya kutafuta maksai mwingine. Hesabu safi kabisa. Akachukua kamba.

Njiani kurudi kisanduku kilikuwa mfukoni kwangu. Chepesi. Nilipomwacha, Katibu hakugeuka hata kuniangalia.

Ijumaa, 8 Novemba

Redempta amerudi na samaki, migebuka ya kukaanga, na habari za mjukuu. Nimesifu migebuka. Nimesifu mjukuu. Nimesifu hata basi lililomleta.

Akatoka nyuma kwenda zizini. Akarudi. Akauliza Katibu yuko wapi.

Nikasema amekwenda semina.

Akauliza semina ya siku ngapi. Nikaonyesha kisanduku. Akakigeuzageuza, akakinusa, akakiweka mezani polepole kama mtu anayeweka yai. Nilisubiri matusi. Hayakuja. Akaniambia tu, Baba Hellena, mwaka huu maghala hayana kitu, unajua. Shamba la Kasense likikosa kulimwa kwa mvua ya kwanza, Machi tutakula migebuka ya kuchorwa. Na Diwani peke yake atazunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala.

Nikamwambia mvua haitaanza kabla kompyuta haijasema. Akauliza kama mvua imeambiwa.

Matusi yangekuwa afadhali.

Jumamosi, 9 Novemba

Umeme wa mji ulikuja saa nane mchana. Nikachomeka kisanduku. Kikakubali! Namba ya kumbukumbu ikatokea kwenye kioo, ndefu, nikaisoma mara mbili kwa sauti ili Redempta asikie. Alikuwa anachambua mbegu za maharage. Hakuinua kichwa.

Nikaanza 1961. Mwezi, siku, milimita. Mwezi, siku, milimita. Nilifika 1979 kuku akarukia meza. Aligusa tu. Kisanduku kikacheza kidogo kwenye tundu lake, kioo kikawa cheupe, na miaka kumi na minane ya mvua ikapotea kama haijanyesha. Kuku akabaki pale akiniangalia.

Nimekata mpira wa baiskeli, nimekifunga kisanduku kama mguu uliovunjika. Sasa hakichezi. Baiskeli haina mpira wa nyuma, lakini siendi popote. Nikaanza upya.

Nilikuwa nasoma kwa sauti ili nisikosee. Nikafika 1968, Januari, tarehe tisa, milimita thelathini na moja. Redempta akasema bila kuangalia, hapana, ilizidi hapo. Nikamwambia daftari linasema thelathini na moja. Akasema ilinyesha tangu alfajiri, kaburi la Gabriel likajaa maji, wewe na kaka yangu mkayachota kwa ndoo, na ile ndoo ya bluu ikatoboka.

Gabriel alikuwa wa kwanza wetu. Miaka mitatu na miezi minne.

Nikasoma tena daftari. Thelathini na moja. Nikabonyeza. Kompyuta ikapokea, ikaomba namba nyingine.

Kisha nikaendelea na Februari, naye na maharage.

Jumapili, 10 Novemba

Miaka thelathini na mitatu yote imo! Nikabonyeza cha mwisho jana kabla umeme haujakatika. Ikafikiri muda wa kunywa chai. Jibu: tarehe ishirini na tisa Novemba.

Si kumi na sita. Ishirini na tisa.

Redempta alisema shikilia ile ya kwanza, umeshaisema mbele za watu. Nikamweleza kisayansi: jibu la miaka tisa ni la mtoto, jibu la miaka thelathini na mitatu ni la mzee. Akasema yeye anaishi na mzee, anayajua majibu ya wazee.

Nje ya kanisa nikatangaza kwamba nabadilisha. Ignasi alikubali haraka mno, kwa tabasamu. Akaniuliza kama kompyuta imeota meno mapya. Nimemwambia afanye mazoezi ya kuchuchumaa kwa shikamoo ya Kifipa, na goti lile litamsumbua.

Sasa nina siku kumi na tisa za kutafuta maksai. Tele.

Jumatano, 13 Novemba

Nimemwona Katibu.

Alikuwa barabarani katikati ya ng'ombe wa Masunga. Masunga ni Msukuma, alihamia Kasense na mifugo yake mwaka ule wa ukame kwao, na shamba lake limepakana na letu. Zubery alimuuzia Katibu siku ile ile, kwa kuwa Zubery hana zizi, ana duka. Ninachokumbuka mimi ni kwamba watu wa kwao na sisi Wafipa ni watani tangu babu zetu. Mtani akikusema huruhusiwi kununa. Sheria nzuri sana unapokuwa wewe unayesema.

Masunga akasimamisha kundi lote ili anisalimie. Akauliza kama ni kweli Wafipa sasa wanalima kwa redio. Akasema Katibu anatuma salamu, amepata uhamisho, na huko alikohamia mshahara ni majani mabichi. Nikacheka. Sheria.

Nikauliza kwa mzaha kama ana maksai wa kukodisha. Akasema anaye mmoja, mwenye uzoefu wa ofisi.

Jumamosi, 16 Novemba

Saa saba mchana upepo ulisimama. Upepo wa huku hausimami bure. Saa saba na nusu wingu likatoka upande wa bonde la Rukwa, jeusi, limeshuka. Nikajiambia linapita. Saa nane ikanyesha. Haikuwa manyunyu. Ilikuwa mvua ya kupandia, ile inayoingia ardhini na kunyamaza.

Tarehe kumi na sita.

Nilisimama kizingitini. Redempta alikuja akasimama karibu nami na gunia la mbegu mkononi. Hakusema tarehe. Angeisema ningepata la kujibu. Mtaa mzima watu walikuwa wanatoa majembe, wanaita maksai kwa majina. Diwani naye akalia zizini. Hakuna aliyemwitikia.

Nilijaribu kueleza kwamba huenda hii si mvua yenyewe. Maji yakaingia ndani ya kiatu changu.

Jumatatu, 18 Novemba

Ardhi imekuwa tayari. Tumekwenda Kasense, mimi, Redempta, Diwani na jembe. Nilimfunga Diwani upande mmoja wa nira, upande mwingine nikashika mimi. Tulikwenda hatua nane. Diwani ana nguvu kuliko mimi, hivyo mstari ukapinda. Ukazidi kupinda. Tukachora sifuri kubwa, safi, katikati ya shamba, tukarudi pale tulipoanzia. Redempta alikuwa ameshika mkono wa jembe nyuma yetu. Akaliachia, akaenda kukaa kwenye kichuguu, akaangalia upande mwingine. Nilijua analia kwa sababu alikuwa anapanga mbegu kiganjani, moja moja.

Hapo sikucheka. Naandika hivyo kwa kuwa shajara hii ni yangu.

Masunga alikuwa ukingoni mwa shamba lake, ameegemea fimbo. Akavuka na Katibu kwa kamba. Akasema atamwazima jirani maksai, lakini Katibu sasa ni mkubwa wa watu, hachukuliwi kama mbuzi. Lazima aamkiwe. Na aamkiwe Kifipa, kwa kuchuchumaa na kupiga makofi, kama mtemi.

Nikasema Masunga, mimi mzee. Akasema ndiyo maana anaomba kwa heshima. Redempta akageuka kuangalia.

Nikachuchumaa. Magoti yakaalika kama kuni motoni. Nikapiga makofi, mikono imekunjwa vizuri kama alivyonifundisha mama. Nikasema shikamoo Katibu.

Katibu akaendelea kutafuna. Masunga akamsogezea sikio mdomoni, akasikiliza, akasema mkubwa anauliza kama ni wewe uliyemtoa kwa kipande cha sabuni. Ndipo nikamsikia mtu akikohoa. Ignasi. Amepita njia ya mkato kwenda shambani kwake, na amesimama. Tumetofautiana na mvua, yeye kwa siku tatu, mimi kwa kumi na tatu.

Nilikuwa bado nimechuchumaa, hivyo sikuona sababu ya kuinuka. Nikamwambia shikamoo Ignasi. Akasema marahaba mwanangu.

Redempta alicheka. Alicheka hadi akamwaga mbegu, tukaziokota pamoja. Tumelima hadi jioni kwa mistari iliyonyooka.

Alhamisi, 21 Novemba

Shamba lote limelimwa. Mahindi chini, maharage chini. Nimerudi nyumbani kabla ya Redempta nikakuta Katibu zizini, karibu na Diwani, wanalambana shingo.

Nikajua dunia imepata akili. Nikaingia ndani kuiambia kompyuta.

Televisheni haipo.

Redempta alipofika akaeleza huku ananawa miguu. Amebadilishana na Masunga. Televisheni moja kwa maksai mmoja. Nikasema Masunga hana umeme kule. Akasema Masunga anajua, anataka kuiweka sebuleni na kuifunika kitambaa cha kufuma, wakwe zake wanakuja Krismasi. Nikasema sasa kompyuta itaonekana wapi. Akasema ina kumbukumbu mara nne, itakumbuka yenyewe ilivyokuwa inaonekana.

Kisha akaketi, akanieleza jambo bila ukali. Kwamba zamani mvua ilikuwa inachelewa, tangu tulipooana anaona inawahi kidogo kidogo. Miaka tisa ya karibuni ilijua hivyo. Mimi nikaenda kuwaamsha 1961 na wenzake, wakanipotosha. Umeiuliza mvua ya baba yako, akasema, ikupandie wewe.

Nimelifikiria hilo muda mrefu. Padri hakuwa na Kiswahili kibovu.

Jumapili, 24 Novemba

Kanisani nimemwamkia Ignasi mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alijifanya hakusikia. Pasaka mwakani ni mwisho wa Machi. Nimehesabu Jumapili zote. Basi.

Mahindi yameanza kutoboa huko Kasense. Redempta ameimba leo wakati wa kupika. Sikupanga kuandika zaidi ya hapo.

Lakini mchana nilikaa na kompyuta. Nilichomeka umeme, mpira bado umebana kisanduku vizuri. Taa yake ndogo nyekundu ikawaka. Bila kioo haisemi kitu. Niliweka mkono juu yake, ya moto kidogo, kama paji la mtoto anayelala. Miaka yote ile ilikuwa humo wiki mbili zilizopita. Januari tisa ilikuwa humo. Nimeona ni vibaya kuiacha gizani.

Na nikawaza, kwa uaminifu, kosa lilikuwa wapi. Miaka haikuwa mingi mno. Ilikuwa michache. Misheni wana madaftari ya mapadri wa kwanza, tangu kabla ya vita vya Hitla. Ukiingiza hayo yote, ya kuwahi na ya kuchelewa yatasawazishana yenyewe, hata mtoto anaona. Tena televisheni ile ilikuwa nyeusi na nyeupe. Pengine jibu la kweli lilikuwa kwa rangi.

Nimepita kwa Zubery kumsalimia tu. Ana televisheni ya rangi, ndogo, imepasuka kona moja. Na ana mashine ya kusomea disketi, inayobeba miaka mia. Nimemweleza kwamba Diwani siku hizi anazeeka, anavuta upande. Nikamwambia apite nyumbani na kamba Jumapili ijayo wakati wa misa ya kwanza, Redempta akiwa kwaya.

Amekataa. Nikamwomba tena, akakataa, akaapa mbele ya wateja kwamba haji, na akanipa soda.

Nimekunywa taratibu. Bado akatae mara moja, zitimie tatu.